Chai Aliyotumiwa Mama Konsolata

Jioni za kijiji cha Tlawi zilimkuta Mama Konsolata mlangoni pake, akitazama ukungu ukishuka juu ya mahindi. Alikuwa mjane. Mwanawe wa pekee, Joakimu, aliishi mjini Katesh akiuza mbaazi, kwani biashara ya mazao ilikuwa imeachiwa huru na kila mwenye nguvu aliikimbilia. Mama hakulalamika. Kisha ukungu ule ukaanza kubaki machoni pake hata mchana wa jua kali.

Jirani yake, Kornelia, alipoona anapapasa ukuta kutafuta mlango, alimwambia, "Mama, nenda hospitali ukapimwe macho."

Mama akampigia mwanawe simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, macho yananiishia. Njoo unipeleke kwa daktari."

"Nimesoma gazetini, chai ya kijani ina kitu kinacholinda macho ya wazee. Nakutumia."

"Utaileta mwenyewe?"

"Nitampa kondakta wa basi, mama. Huu ni msimu wa mbaazi."

Ndugu zangu, msidhani Joakimu alikuwa mwana mbaya. Pakiti hazikukoma kuja. Mama aliinywa chai ile chungu peke yake, bila sukari, kama alivyoelekezwa. Kornelia alipojitolea kumsindikiza hospitali, Mama alikataa. "Joakimu ataumia akisikia nimeidharau dawa yake." Ukweli ni kwamba alikuwa akimsubiri. Kila gari lililonguruma barabarani lilimnyanyua kitini, na kila mara liliendelea na safari yake.

Masika yalipoanza, jicho la kulia liliwaka kwa maumivu. Mama alitapika, akashika kichwa akilia. Kornelia hakuomba ruhusa tena. Alimpeleka hospitali, akampigia simu Joakimu, naye akafika akiwa na tope hadi magotini.

"Daktari, alikuwa anakunywa chai ya kijani," alisema.

"Wataalamu wanaichunguza," daktari alijibu taratibu. "Huenda kitu kilichomo kikasaidia kulinda lenzi ya jicho mtu anapozeeka. Huenda. Lakini huyu tayari ana mtoto wa jicho, na huyo hatolewi kwa chai, hutolewa kwa upasuaji. Amekomaa mno hadi presha imepanda ndani ya jicho. La kulia limekufa. La kushoto tutaliokoa."

Bandeji ilipofunguliwa baada ya upasuaji wa jicho la kushoto, Mama Konsolata alimtazama mwanawe kwa muda mrefu kwa jicho lake moja. Akanyoosha mkono, akagusa mvi zake.

"Umezeeka, mwanangu," alisema. "Ulizeeka lini?"

Joakimu aliinama. Akalia.

FUNZO

Chai ni kinywaji chema, na pengine ina faida ambazo wataalamu bado wanazitafuta. Lakini haichukui nafasi ya daktari. Mzee akisema haoni vizuri, mpeleke apimwe mapema. Na usimtumie mzazi kifurushi pale anapokuhitaji wewe mwenyewe. Jicho likishakufa, hata ukija mbio hutalifufua.