Kigari Kisichooshwa

Jioni ile Fundi alikuwa ametoka kununua msasa tu. Msasa na kopo la thina ya kuchanganyia rangi, basi, arudi nyumbani ale. Duka la rangi lilikuwa hatua chache kutoka kwake, lakini alikwenda na kigari chake cheupe kwa sababu binti yake hakukubali kushuka.

Mama wa mtoto alikuwa amefariki miezi minane iliyopita. Tangu hapo mtoto akitoka shule anaingia kwenye kigari, na shangazi yake alishachoka kumwita mezani, siku hizi anampelekea sahani hukohuko kiti cha nyuma. Walimwita Kijino, kwa ajili ya pengo lake la mbele.

Kiti cha abiria, kando ya dereva, hakikaliwi na mtu. Kilikuwa cha marehemu. Hapo ndipo alipokaa kila mara jirani aliposhikwa na uchungu, Fundi akiendesha, yeye amegeuka nyuma amemshika mama wa watu mkono mpaka hospitali. Watoto saba wa mtaa ule walizaliwa kwa msaada wa kigari kile. Kitambaa cha kiti bado kilinukia mafuta yake ya nywele.

Nje ya duka la rangi kulikuwa na gari.

Fundi alisahau msasa. Lilikuwa gari la kale, refu, la kijani kilichokolea, taa zake za mviringo, bampa zinang'aa kama sahani za wageni. Marehemu baba yake, naye fundi wa kupaka rangi, alipaka magari ya namna hiyo maisha yake yote, akafa bila kumiliki hata moja. Na mke wa Fundi alikuwa akimtania mumewe: "Siku ukinunua lile refu, mimi nakaa nyuma. Usiniongeleshe, wewe dereva tu."

"Linakupendeza?"

Mwanamke alikuwa amesimama nyuma yake. Wa makamo, nguo safi, macho yamevimba kama ya mtu aliyelia mchana kutwa. Hakusubiri jibu. Alikwenda moja kwa moja kwenye kigari, akainama dirishani upande wa abiria...

Akavuta pumzi. Ndefu.

"Huyu alikuwa mwema," alisema taratibu.

"Nani, mama?"

"Tubadilishane, fundi. Gari kwa gari. Sitaki hata senti ya nyongeza."

Fundi alicheka kidogo. Mtu mwenye akili zake hatoi gari kama lile achukue kigari chenye kutu milangoni. "Mama, unanitania."

"Sina nguvu ya utani. Nielekeze kwako, nitakuja kesho, jua likizama." Akasogea karibu, akanong'ona. "Ila usikioshe. Ndani usiguse kitu. Nipe hivyohivyo kilivyo."

Njiani kurudi, Kijino aliegemea kiti cha mbele. Kisha akasema, "Mama amesema hampendi yule."

Mkono wa Fundi uliteleza kwenye usukani.

Nyumbani alimsimulia dada yake mkubwa, ndiye aliyehamia pale kumsaidia kulea. Dada alikuwa anamenya viazi, kisu hakikusimama.

"Mpe."

"Dada, hiki ndicho kilichobaki kwake."

"Kilichobaki kwake ni huyu mtoto. Na huyu mtoto anaongea na kiti, mdogo wangu. Jana nimemsikia anamsimulia hesabu za shule, ananyamaza kidogo, kisha anacheka. Mimi nimelea watoto wanne, sijawahi kuogopa kicheko cha mtoto. Jana niliogopa." Aliweka kiazi chini. "Umpende mkeo, lakini muache apumzike. Na wewe upate kitu cha kukutoa kitandani asubuhi."

Fundi aliokota kiazi, akakirudisha kwenye beseni. Siku nzima iliyofuata alikuwa gereji akikwangua mlango wa gari la mteja huku moyo wake unakwenda mbele na kurudi nyuma. Kumuuza mke wangu? Hapana, ni bati na viti. Bati na viti...

Sasa, pale gerejini walikuwa na utaratibu wao, na Fundi mwenyewe ndiye aliyewafundisha wenzake. Gari likibadilisha mwenyewe, linaoshwa ndani kwanza. Viti vinafunguliwa, mazulia yanatolewa, mikanda inasuguliwa kwa sabuni hadi maji yatoke meupe. Mtu akiondoka aondoke na vyake, alizoea kusema. Hajawahi kukabidhi gari bila kufanya hivyo. Hata mara moja.

Saa kumi na moja alirudi nyumbani, akajaza ndoo, akatia sabuni, akafungua mlango wa abiria.

Harufu ya mafuta ya nywele ikamjia usoni.

Alisimama pale na kitambaa kinachochuruzika maji, hadi viatu vyake vikalowa. Kumuosha atoke? Alimuosha mara moja hospitalini, uso na mikono, kwa mara ya mwisho. Hakuweza tena. Kama kigari ni cha kwenda, basi kiende na harufu yake, angalau iwepo mahali duniani.

Akayamwaga maji ya ndoo chini.

Yule mwanamke alifika jua likizama, kama alivyosema. Hakuingia ndani, hakutaka chai. Walitia saini karatasi mbili juu ya boneti. Alipopokea ufunguo wa kigari aliufumbata kwa mikono miwili.

"Hukukiosha?"

"Sikuweza."

Akamtazama Fundi kwa huruma, ile huruma ya kweli kabisa, akamshika bega. "Nisamehe," alisema.

"Kwa lipi, mama?"

Alikuwa ameshaingia. Kijino alisimama langoni na shangazi yake, hakulia, alikuwa anapunga mkono tu. Lakini hakumpungia dereva. Mkono wake ulielekea kiti cha mbele, upande wa pili.

Kigari kikasogea. Kwenye kona taa ya ndani ikawaka yenyewe, na Fundi akaona vizuri. Yule mwanamke alikuwa ameinamisha kichwa kando, kama mtu anayesikiliza. Kisha mabega yake yakashuka. Akalia. Na nywele zake, zilizokuwa zimetulia kichwani, zikasogea polepole kutoka kwenye paji la uso...

Kama vile mtu anamfuta machozi.

Fundi alikimbia. Alikimbia na ndala mpaka barabara kubwa, akiita jina la mkewe mbele za watu bila aibu. Kigari kilishapotea kwenye magari mengine.

Aliporudi, gari refu lilikuwa limesimama uani, linang'aa. Alifungua mlango akae tu. Ndani kulinukia maganda ya machungwa. Na sare ya shule iliyolowa mvua.

Akasikia pumzi. Fupifupi, kutoka kiti cha nyuma.

Alitazama kwenye kioo. Hapakuwa na mtu.

"Mama?"

Sauti ya mtoto wa kiume. Miaka sita, labda saba.

"Mama, umerudi?"

Fundi alitoka mbio, akaufunga mlango, akaketi chini ukutani mpaka dada yake alipomfunika shuka.

Kesho yake alipiga namba iliyoandikwa kwenye karatasi. Haipo. Alikwenda duka la rangi. Muuzaji alimfahamu yule mwanamke kwa sura, akajikuna shavu kabla ya kusema.

"Alikuwa na mwanawe mmoja. Alimwacha garini siku ya mvua, anaingia dukani dakika mbili... Sijui vizuri, fundi. Watu wanasema mengi. Wanasema alimkuta ameshakata roho, na mpaka leo mtoto hajateremka."

"Na yeye mwenyewe anakaa wapi?"

"Ameshahama. Lakini usimhukumu. Miaka mitatu anaulizwa swali lilelile mle garini kila jioni, na yeye ndiye aliyemwacha. Nani angevumilia?"

Fundi alitafuta. Majuma matano alizunguka maegesho, gereji, minada, akitazama kila kigari cheupe chenye kutu milangoni. Nani angevumilia? Angevumilia yeye. Angekisikiliza kile kiti miaka mia. Yule mwanamke alikuwa amechoka kuulizwa, akaenda kutafuta wa kumfuta machozi, na Fundi akamkabidhi mke wake mzimamzima kwa sababu hakuwa na moyo wa kukisugua kiti kwa sabuni.

Gari refu hakuliuza. Wateja walikuja, wengine na pesa mkononi. Aliwarudisha. Jua likizama tu, kilio kinaanza mle ndani, chembamba, cha mtoto anayejitahidi kutosumbua watu, na Fundi hakuweza kula huku anakisikia. Akazoea kwenda kukaa usukani mpaka kitulie. Alikaa tu.

Jioni moja Kijino alimfuata. Alikuwa hajawahi kuligusa gari lile. Akapanda nyuma, akafunga mlango, miguu yake haifiki chini.

"Baba. Mama yuko wapi?"

Kabla Fundi hajafungua kinywa, sauti nyingine ikauliza, kutoka kiti hichohicho, kwa unyenyekevu:

"Mama yuko wapi?"

Aliushika usukani kwa mikono miwili, hakugeuka.

"Wako pamoja," alisema. "Wameondoka pamoja. Mama yake Kijino anamtunza mama yako. Anajua kutunza, huyo. Anajua sana."

Kisha akasikia Kijino anajivuta kwenye ngozi ya kiti, anasogea mpaka dirishani, anaacha nafasi.

"Njoo," alimnong'oneza mtu. "Huku kuna joto."

Na kiti kikabonyea, taratibu, kwa uzito mdogo.