Bunduki ya Mzee Andongwisye

Asubuhi ile Mama Tulinagwe alikuwa anapepeta mchele barazani. Mchele wetu wa Kyela hautaki mtu mvivu, na yeye si mvivu. Mimi jirani yake nilikuwa nachagua mawe, kwa hiyo haya sikusimuliwa.

Jikoni kwake, kwenye dari la mbegu za mahindi juu ya meko, kulikuwa na bunduki. Ilikuwa ya marehemu mumewe, Mzee Andongwisye. Kwa bunduki hiyo alilinda mpunga wa mashamba ya Ndandalo, viboko wasiumalize. Alipofariki, ilikuwa imeshaharibika. Mama akaiweka darini ili moshi uzuie kutu, kama tunavyotunza mbegu. Ilikaa pale miaka minne.

Sasa familia ilikuwa inajiandaa kujengea kaburi la mzee. Mwanawe Ambwene alitaka bunduki ipewe heshima siku hiyo.

"Baba mdogo anasema itengenezwe," alisema. "Kuna mfanyabiashara anataka kuinunua aivushe mto Songwe, ng'ambo ya mpaka. Mimi nakataa yote mawili. Naipeleka Mbugani kwa fundi wa kuchomelea. Azibe mtutu, tuitundike ukutani."

"Itundikwe," Mama alisema. "Nani auze jina la mume wangu?"

Mimi mdomo wangu hauna breki. Nikasema, "Muulizeni kwanza Afande Angetile, polisi wa kata. Bunduki si jembe."

Ambwene alininunia, lakini akapiga simu.

"Msiiguse," Angetile alimjibu. "Zimeni moto, tokeni nje. Tunakuja."

Alifika na mwenzake. Waliingia jikoni, sisi tukangoja chini ya migomba. Angetile alipotoka, alikuwa na risasi kiganjani.

"Ilikwama ndani," alisema. "Fundi angeipasha moto, Ambwene, ingeweza kufyatuka."

Mama alikaa chini. "Nimepika chini yake miaka minne," alisema. "Wajukuu wangu wanaota moto pale pale."



Angetile alikaa naye. "Mama, leseni ni ya mtu, si ya ukoo. Mwenye leseni akifariki, bunduki na risasi zake zinapelekwa polisi. Mrithi akiitaka, anaomba leseni yake mwenyewe. Kuuziana kienyeji ni kosa. Kutengeneza au kuziba ni kazi ya wenye kibali tu. Hata ikiwa mbovu, ni bunduki."

"Tumechelewa. Mtatufunga?" Ambwene aliuliza.

"Mmeita polisi wenyewe. Nitaandika hivyo hivyo."

"Leseni hatuombi," Mama alisema. "Ichukueni. Lakini wageni watakuja, na ukuta wa mume wangu utakuwa mtupu."

Angetile aliomba kitabu cha leseni. Mama alikitoa sandukuni. Ndani mlikuwa na picha ya Andongwisye akiwa kijana, kola imenyooka, anatutazama usoni. Angetile alifungua kurasa moja moja.

"Kila ukaguzi wa silaha alikwenda," alisema. "Hakukosa hata mmoja. Watu wa namna hii ni wachache."

"Soma tena," Mama alisema. Akasomewa tena.

Kitabu kilikwenda pamoja na bunduki. Kabla hakijaondoka, Ambwene aliipiga ile picha ya baba yake kwa simu. Mama alipewa hati ya makabidhiano, akaikunja ndani ya Biblia.

Siku ya kujengea kaburi, picha ilikuwa imekuzwa, iko ukutani kwenye fremu. Mgeni mmoja kutoka Matema alitazama huku na huku.

"Bunduki ya mzee iko wapi?"

"Ipo polisi, na hati ninayo," Mama Tulinagwe alijibu. Akafuta kioo cha picha kwa upande wa kanga yake. "Mwenyewe ndiye huyu."