Vipande Sitini na Kimoja

Siku hiyo ilianza kama Jumanne nyingine yoyote. Shangazi, dada yake baba, aliegemeza kitabu kwenye chupa ya chai, akawa anakunywa bila kutazama kikombe. Kila sentensi iliyomgusa ilimfanya achomoe penseli sikioni na kuandika pembeni mwa ukurasa neno moja au mawili, kisha saa. Alisoma vitabu vitatu kwa wakati mmoja: cha jikoni, cha kazini na cha kitandani, na havikuruhusiwa kuhama vyumba. Alifundisha chuoni masomo ya filamu. Wanafunzi walimwita Mama Penseli, naye alijua ila alijifanya hajui.

Mama yake, yaani bibi yetu, alikaa mkabala naye, macho yameziba kwa mtoto wa jicho. Kwa kawaida alimtania kwamba angesoma hata karatasi iliyofungia chumvi, ilimradi ina maandishi. Asubuhi hiyo hakutania. Saa nane mchana alitakiwa hospitali kupasuliwa, baada ya kungoja miezi kumi na moja, na aliyekosa zamu yake alirudishwa mwisho wa foleni.

"Saa saba nitakuwa hapo mlangoni, mama," Shangazi alisema.

"Usije ukanisahau kwa ajili ya hao watu wako wa kwenye kioo."

Shangazi aliinama kumuaga. Bibi akapitisha vidole nyuma ya shingo yake, chini ya mistari ya nywele, mpaka vikagusa kovu. Lilikuwa dogo kama punje ya mahindi, kovu la chanuo cha moto tangu Shangazi akiwa na miaka saba, na bibi ndiye aliyemwunguza kwa bahati mbaya. Tangu macho yaanze kumtupa mkono, kovu hilo ndilo lililokuwa uso wa binti yake. Akishaligusa husema, "Ndiye," halafu humwachia aende.

Kazi ya siku hiyo ilikuwa fupi. Katika hifadhi ya filamu kulikuwa na mkanda mmoja wa zamani, wa dakika kumi na nane, usio na sauti wala jina la aliyeupiga. Shangazi alitaka kuhakiki idadi ya vipande vyake kwa ajili ya makala aliyokuwa akiandika. Kwa watu wa kazi hiyo, kipande ni chote kinachoonekana tangu kamera inapoanza kutazama mpaka inapokatwa.

Hifadhi ilikuwa na utaratibu wake. Zamani watu walikata mikanda na kutoka nayo ndani ya soksi. Kwa hiyo mtafiti aliacha simu na mkoba mapokezi, akafungiwa pamoja na mkanda wake katika chumba kisicho na dirisha, na alifunguliwa pale tu hesabu aliyoandika kwenye kadi yake ilipolingana na ya kadi ya zamani iliyokuwamo ndani ya kopo la mkanda. Mtunza funguo alikuwa mzee mpole ambaye kila mtu alimwita Bwana Komeo. Alipokea kadi ya mtafiti kupitia kidirisha kilichokatwa mlangoni, na kwa kuwa mlango ulikuwa mnene, mikono yake tu ndiyo iliyoonekana.

Shangazi alifungua kopo. Kadi ilisema vipande sitini na kimoja. Mwandiko aliufahamu. Ulikuwa wa mwalimu wake wa chuo, marehemu, mtu aliyemfundisha kwamba hesabu haikisiwi, hata nyumba ikiwaka moto. Alifurahi kumkuta mle. Baadaye kidogo akakumbuka maneno ambayo mkewe alimnong'oneza siku ya maziko: kwamba mume wake alibadilika ghafla, akawa kama mgeni anayejua mahali vikombe vinapowekwa.

Aliketi, akashika mpini wa mashine ya kutazamia, akaanza kuuzungusha. Kwenye kioo, kidogo kama kitabu, watu walishuka ngazi. Fundi saa alipuliza vumbi. Mwanamke alipiga pasi shati la mtoto. Shangazi alichora kistari kwa kila kipande. Cha sitini na moja kilikuwa ujia mtupu na mlango uliofungwa, na hapo mkanda ulipaswa kuisha.

Haukuisha.

Kipande cha sitini na mbili kilionyesha chumba. Mwanamume aliketi mezani akisoma, mgongo kwa kamera. Sweta lake lilitoboka kiwikoni na kushonwa kwa uzi mnene, mshono wa mtu asiyejua kushona. Shangazi aliujua mshono huo. Alikaa nyuma ya mwalimu wake miaka mitatu, kwenye kiti cha mwanafunzi, wakitazama filamu. Na mkanda ule ulipigwa kabla mwalimu wake hajazaliwa.

Akajiambia sweta ni sweta. Aliandika sitini na viwili, akapitisha kadi.

"Hailingani, mwalimu," Bwana Komeo alisema taratibu. "Hesabu tena."

Akahesabu tena, safari hii kwa sauti. Ngazi. Fundi saa. Pasi. Ujia. Chumba. Yule mtu alikuwa amefungua ukurasa mwingine. Kisha kikaja kipande ambacho mara ya kwanza hakikuwapo. Chumba kilekile. Pembeni ya msomaji kulikuwa na kiti cha pili, kimevutwa nyuma kidogo, kama mtu anapomwandalia mwenzake.

Kiti hicho kilikuwa na mguu mmoja uliofungwa waya.

Shangazi aliinama, akatazama kiti alichokalia. Aliuona waya.

Saa ya ukutani ilisema sita na nusu. Aligonga mlango, akaeleza habari za mama yake, hospitali, foleni, ile miezi kumi na moja. Aliomba afunguliwe tu, hata kama ni kwa kupekuliwa. Bwana Komeo alisikiliza mpaka mwisho. Akasema si yeye anayeamua, ni kadi. Halafu sauti yake ikasogea karibu na kidirisha.

"Hata mwalimu wako alikuwa na haraka," alinong'ona. "Binti yake alikuwa anaolewa jioni ile. Andika iliyo kwenye kopo. Wote huandika hiyo."

"Lakini si kweli."

"Sikukuuliza kama ni kweli."

Alirudi mezani. Hakugusa mpini. Mkanda ulikuwa umesimama, lakini kwenye kioo kitu kilisogea. Ulikuwa ukurasa. Msomaji alikuwa amebakiza chache mkononi.

Saa sita na dakika hamsini. Mama yake alikuwa mlangoni sasa, mkoba mapajani, anasikiliza hatua za wapita njia. Maisha yake yote Shangazi hakuwahi kuandika hesabu ya uongo. Alichukua kadi. Penseli ilikuwa nzito. Aliandika sitini na kimoja.

Komeo likafunguka kabla hajasimama vizuri.

Alipovuka kizingiti, kiti kililia nyuma yake, kama kinavyolia mtu anapokikalia. Hakugeuka. Alikimbia. Penseli aliisahau mezani.

Saa saba na dakika kumi alikuwa nyumbani. Kwa pilikapilika za kuwahi, bibi hakupata hata nafasi ya kumshika. Upasuaji ulikwenda vizuri, bandeji ilitolewa, na bibi akaona tena rangi ya kuta zake. Alimtazama binti yake kwa muda mrefu, akasema amezeeka, na wote wakacheka.

Jumapili alimketisha chini ili amsuke, kama kila Jumapili. Aligawa nywele. Vidole vikapita nyuma ya shingo. Vikapita tena. Vikasimama.

"Kovu liko wapi?"

"Lipo hapohapo, mama."

"Hapa hakuna kitu."

Shangazi alichukua vioo viwili, akasimama chooni na kujitazama. Ngozi ilikuwa laini kabisa, kama ya mtu ambaye hajawahi kuungua. Alikumbuka chanuo. Alikumbuka harufu ya nywele, kilio chake, na bibi akimpuliza. Vyote alivikumbuka vizuri sana, jinsi anavyokumbuka filamu. Aliporudi chumbani bibi alikuwa ameshika chanuo kifuani kwa mikono miwili.

"Mwanangu umemwacha wapi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Kesho yake Shangazi alikwenda hifadhi. Bwana Komeo hakufungua mlango wa mbele. Alimwambia kupitia tundu kwamba hesabu ikishakubaliwa, kopo halifunguliwi kwa mtu yuleyule. Alimtakia siku njema, kwa heshima zote, wala hakumwita mwalimu.

Tangu hapo hakusoma. Aliweza kusoma, ila hakuwa na hamu, na chai aliinywa akiitazama. Kitabu cha kitandani kilibaki kilipo, maandishi ya pembeni yakiishia ukurasa wa 112. Bibi ndiye aliyekifunua, siku moja akifuta vumbi, kwa jicho lake jipya. Ukurasa wa 113 ulikuwa na maandishi ya penseli.

*Saa sita na dakika hamsini. Bado nahesabu.*

Kwenye 114, mwandiko uleule, saa ileile.

*Nakaribia kumaliza. Mama asifunge mlango.*

Bibi hakumwonyesha mtu yeyote kwa muda mrefu. Alianza tu, kila siku baada ya saa sita, kuvuta kiti mpaka mlangoni na kukaa na mkoba wake mapajani. Shangazi alimletea chai. Bibi aliipokea na kushukuru, kama mtu anavyomshukuru mwenyeji mwema asiyemjua. Jua likizama, mlango aliuacha wazi. Alifanya hivyo mpaka alipofariki.

Shangazi yupo, mzima wa afya, anakuja kwetu sikukuu na kuuliza habari za kila mtoto kwa jina. Kitabu tunacho sisi. Tunakifungua mara moja kwa mwaka, wala hatujibizani kuhusu tunachokiona. Mara ya mwisho maandishi yalikuwa yamefika ukurasa wa 204, na saa bado ni sita na dakika hamsini.

Kitabu kina kurasa 206.