Bwana Harusi Aliyeficha Homa

Watu wa Ihanda, na ninyi wa Bugene mliokuja kutusikiliza, tulieni kidogo. Habari hii ilianza kwa vicheko, lakini haikuishia huko.

Ilikuwa asubuhi tulivu, miaka ile baada ya Vita Kuu ya Pili, kahawa ilipopata bei na vijana wakaanza kumiliki baiskeli. Umande ulikuwa bado juu ya migomba. Uani kwa mama Eugenia, baiskeli zilikuwa zimeoshwa zikang'aa, usukani wa kila moja umefungwa kitambaa chekundu. Mwanawe Mwesigwa alikuwa anakwenda Songambele, upande wa Kyerwa, kumchukua mchumba wake Kemirembe, na rafiki zake walikuwa wanamsindikiza.

Kemirembe! Hakuwa amemwona tangu siku mahari ilipopokelewa. Siku hiyo binti alimpa maziwa katika kibuyu, macho ameyainamisha, vidole vinanukia samli. Tangu hapo Mwesigwa hakupalilia shamba bila kuinua uso kutazama vilima vya kaskazini, kana kwamba angemwona akipita huko na ng'ombe wa baba yake.

Lakini asubuhi hiyo kichwa kilimgonga na viungo vilimuuma. Mama yake alimletea maji ya mubirizi, yale majani machungu ya homa.

"Kunywa, mwanangu. Nitatuma mtu Songambele awaambie mtakwenda wiki ijayo."

"Nimelala vibaya tu, mama."

Mama alipogeuka, Mwesigwa aliyamwaga maji hayo kwenye shina la mgomba.

Mnauliza kwa nini? Kwa sababu vijana hao walikuwa wamejitungia desturi. Bwana harusi aendeshe mwenyewe mpaka uani kwa wakwe, ndipo asimame kutoa majigambo yake. Akiahirisha, au akifika amepakiwa kwenye keria ya mwenzake, anyamaze. Na mkewe ataitwa "mke wa keria" hadi azeeke. Mwesigwa aliapa kwamba jina hilo halitamgusa Kemirembe.

Wakaondoka kengele zikilia. Kabla ya Bugene, jasho lilikuwa limelowesha shati lake lote.

"Bwana harusi!" Rwezaura alipiga kelele kutoka nyuma. "Jua halijatoka, wewe umeshalowa! Unamwogopa mzee Mutalemwa au binti yake?"

"Mwache," mwingine akadakia. "Mapenzi yanamchemsha."

Wakacheka, na Mwesigwa akacheka kuwazidi. Kahigi peke yake hakucheka. Alikuwa mkubwa wao, naye tayari alikuwa na mke na watoto. Walipopumzika Bugene, alimgusa shingoni.

"Ndugu yangu, unawaka. Twende kwa dresa, akupe dawa. Tutalala hapa."

"Nianze ndoa yangu kwa dresa? Kesho wataimba kwamba Kemirembe ameolewa na mgonjwa."

"Waimbe. Wimbo hauui."

"Kahigi, ukinishusha hapa, usiniite ndugu tena."

Kahigi akamwachia, akapanda baiskeli yake. Hapo ndipo alipokosea na yeye, na amekiri hivyo mbele ya watu.

Wakapanda vilima. Jua lilipokuwa kali, Mwesigwa alitetemeka kwa baridi. Barabara ilimcheza, mara inainuka, mara inakimbia pembeni. Kila kichaka alikiona kama msichana mwenye kibuyu mkononi. Akikikaribia, anakuta majani. Wenzake walipomsemesha, hakujibu. Walidhani anakariri majigambo. Mdomo wake kweli ulikuwa unacheza, lakini ulirudia jina moja tu.

Alasiri wakaingia uani kwa mzee Mutalemwa. Vigelegele vikapaa. Vijana wote wakashuka, isipokuwa Mwesigwa. Yeye aliendelea kukanyaga pedali. Akazunguka ua, akazunguka tena, akiwapita wakwe zake waliosimama kumpokea. Watu wakacheka, wakidhani ni madoido ya bwana harusi. Kahigi akaruka, akashika usukani.

"Mwesigwa, shuka! Tumefika!"

"Bado," alisema. "Niache nipande kilima hiki kimoja."

Akamwangukia Kahigi kifuani.

Kemirembe alikuwa chumba cha ndani amefunikwa, na shangazi yake alimshika mkono asionekane kabla ya wakati. Aliposikia kelele zimegeuka, aliuchomoa mkono, akatoka kichwa wazi, akapiga magoti kando ya mchumba wake.

"Mwesigwa, ni mimi."

Alimtazama kwa upole, kama mtu anavyomtazama mpita njia.

"Binti," alisema, "wewe ni wa huku? Unamfahamu Kemirembe? Mwambie asichoke kungoja. Niko njiani."

"Mimi ndiye! Ningekungoja hata mwaka!"

"Mwambie tu," alisema. "Niko njiani."

Wakamlaza kwenye machela wakimkimbiza zahanati. Kemirembe alitembea ubavuni pake, amemshika mkono, akimtajia jina lake mwenyewe kila hatua. Mwesigwa alikata roho kabla hawajafika.

MAFUNZO

Vijana wenzangu, homa si aibu, na kuificha si ushujaa. Anayeumwa aseme, apumzike, atibiwe, safari itamngoja. Ninyi mnaosindikizana, mkimwona mwenzenu anatetemeka, acheni mzaha, mnyang'anyeni baiskeli hata akiwatukana. Na desturi inayomfunga mgonjwa mdomo tuivunje, maana ni sisi wenyewe tulioitunga. Anayekupenda hakungojei ufike kwa fahari. Anangoja ufike ukiwa na macho ya kumtambua.