Wati Kumi Kuvuka Ziwa

Haya yalimkuta rafiki yangu Adolphe, fundi wa vyombo vya sauti wa kanisa letu katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kando ya ziwa, Uganda, mwaka 2008. Alirudi kutoka mjini Mbarara na amplifaya ya wati kumi, ndogo kama Biblia. Mama Goretti, mkubwa wa kwaya, akanuna.

"Kadogo hivi kataita batu ba ng'ambo ya ziwa?"

"Mama, spika ya honi haiombake nguvu mingi. Utasikia."

Mchana huohuo aliifunga kwenye betri ya gari, akashika maikrofoni: "Moja, mbili, tatu." Honi ikalia juu ya mlingoti hadi mbuzi wakakimbia. Adolphe aliishia tatu daima. Zamani, kule Fizi, Kongo, mkewe Nathalie alikuwa akisimama mwisho wa uwanja na kujibu "ine," yaani nne, kumjulisha kwamba sauti imefika. Nathalie walimzika hukohuko.

Akaridhika, akachomoa waya wa betri. Ndipo honi, polepole, kwa sauti ya mwanamke, ikasema: "Ine."

Mama Goretti aliutazama waya mkononi mwa Adolphe.

Jioni wakaja watu wa ng'ambo. Moja, mbili na tatu hawakuzisikia. Walisikia ine tu.