Sauti ya Mama Ndani ya Kadi

"Ukifuta hii kadi, Muindi, hutaingia kwangu tena," Kaveke alisema, kadi ya nyimbo ameikaza ngumini.

Majirani wa Migwani hawakuhitaji kuitwa. Ugomvi ukinoga, kila mtu hukumbuka ana chumvi ya kuomba.

Kadini mlikuwa na nyimbo za mwethya, kikundi cha akina mama waliochimba bwawa la mchanga la kuhifadhi maji mtoni. Aliyeongoza kuimba alikuwa mamake Kaveke, sasa marehemu. Kompyuta ndogo, saizi ya kiganja, ndiyo iliyozicheza kila Jumamosi, akina mama wakipepeta ndengu. Wiki hiyo ilikataa kuwaka.

Muindi alikuwa bingwa wa muziki sokoni tangu enzi za kaseti, kisha akawa anajazia watu nyimbo kwenye kadi za simu. Basi alipakua imeji, faili la kuwashia mashine, mtandaoni, akainakili kwenye kadi mpya kama wimbo. Kimya. Akaamua mashine imezoea kadi yake ya zamani, kwa hivyo ifutwe, ijazwe upya.

Hibaq, fundi wa simu wa ng'ambo ya barabara, alikuja na laptopu yake.

"Mzee, imeji si wimbo," alisema. "Ni mfumo mzima wa kuendesha kompyuta, Linux, umeshajengwa, umefungwa kwa faili moja. Ndengu zikiwa guniani zinaota?"

"Wapi."

"Mpaka zipandwe. Iko programu ya kuiandika imeji kwenye kadi. Lakini shamba husafishwa kwanza. Chochote kilichokuwa kadini kinapotea."

Kaveke alimtazama Muindi. Muindi akatazama viatu vyake.

Kwanza Hibaq alihamishia nyimbo kwenye laptopu, akamrudishia Kaveke kadi yake. Akasoma jina la modeli kwenye mashine, akapakua imeji ya modeli hiyo hiyo. Akalinganisha namba yake ya ukaguzi na ile ya tovuti, ajue faili haikuharibika njiani. Programu ikaiandika kwenye kadi mpya. Akawaonya wasizime mashine haraka, maana mara ya kwanza hukawia kuwaka.

Iliwaka. Nyimbo zikarudishwa. Sauti ikakohoa kidogo, kama alivyozoea marehemu, halafu ikaanza.

Muindi, aliyekuwa amebaki nje mlangoni, alivua kofia.

"Nilirekodi mimi hiyo," alisema polepole. "Alinifukuza na koleo, eti nimesimama kwenye njia ya kupitishia mchanga."

Kaveke alicheka huku akipangusa macho.

"Hibaq, muthokoi wa mahindi na maharagwe umeiva, karibu. Na wewe Muindi, unasimama mlangoni kama mgeni kwa nini? Ingia ule."