Jiwe la Namba Thelathini na Moja

Sahani ya mwisho mezani ilikuwa imelowa. Verlene Amundsen aliigeuza kutafuta jina, kwa mazoea tu, maana wanawake wote wa kanisa lake hubandika kipande cha utepe chenye jina chini ya kila chombo, kisije kikapotelea jikoni kwa mwenzao baada ya chakula cha pamoja. Sahani za bati za maonyesho katika makumbusho haya, zamani nyumba ya maskini, hazikuwa na jina. Hii ilinuka kabichi ya kuchemshwa na sabuni ya majivu, na jengo lile halikuwa na jiko wala maji tangu kaunti ilipoacha kuwaweka maskini wake humo.

Verlene, mjane wa miaka sabini na mitatu, ndiye aliyekuwa akifungua makumbusho kila Jumamosi mchana na kungoja wageni ambao wakati wa theluji hawaji. Aliing'ang'ania kazi hiyo isiyo na malipo. Binti yake Renae, aliyehamia Arizona, alikuwa keshamtafutia chumba katika nyumba ya wazee, na Verlene alikuwa na jibu moja: nina kazi, siondoki. Kufa hakukumtisha. Alichoogopa ni kuishia mahali ambapo wangemjua kwa namba ya mlango.

Alimpigia simu Duane Fossum, mwenyekiti wa chama chao cha historia.

"Paa hilo linavuja," Duane alisema.

"Linavuja kabichi?"

"Verlene, pua yako nayo imestaafu. Nenda zako nyumbani ukapumzike."

Verlene hakucheka. Alikuwa akiyatazama mawe ukumbini. Nyuma ya jengo walizikwa waliofia humo bila ndugu, kila mmoja na kijiwe chenye namba tupu. Kiangazi kilichopita mawe hayo yaliharibu visu vya mashine ya Duane ya kukatia nyasi, naye akayang'oa yote thelathini na moja, akayaosha, akayapanga ukutani ili wageni wayaone vizuri. Watu walimsifu. Hakuna aliyekumbuka kuchora lipi limetoka wapi.

Jumamosi iliyofuata, saa kumi, mwanga ukianza kufifia madirishani, Verlene alisikia benchi likiburutwa chumba cha kulia, kisha kijiko kikikwaruza bati polepole, kama mtu anayekomba kilichobaki, na ile harufu ya kabichi ikamjia ikampita ikarudi, naye akabaki amesimama mlangoni, mkono kwenye swichi ambayo hakuthubutu kuibonyeza, akitazama mwisho wa benchi ambako hakukuwa na mtu na hata hivyo kulikuwa kumekaliwa, mpaka sauti ya mwanamke, ya chini na ya adabu, ikauliza:

"Mwanangu ameshafika?"

Alimjua. Daftari la zamani, lililokuwa kwenye kabati la kioo, lilikuwa na mstari mmoja juu yake: namba 31, mwanamke, ameletwa na mwanawe, atarudi kumchukua.

"Bado," Verlene alinong'ona, akakimbia bila koti.

Kesho yake Duane, ambaye baada ya kusimuliwa na Verlene hakuwa na mzaha tena, alikuja na sururu ili wayarudishe mawe makaburini. Ardhi ilikuwa imeganda, kwa hiyo waliyalaza mawe juu ya theluji kwa mstari, kwa kubahatisha, na Verlene akawaomba radhi wenye makaburi kwa sauti.

"Mbona ni thelathini?" Duane aliuliza.

"Umehesabu vibaya."

Jiwe la namba 31 lilikuwa ndani ya gari la Verlene. Aliona aibu kusema kwamba tangu mumewe afe, ile ndiyo sauti ya kwanza kumuuliza kitu wakiwa chumba kimoja. Alikuwa mpweke hivyo.

Aliliweka jikoni kwake, akaandaa sahani mbili. Wiki nzima walikula pamoja saa kumi na moja jioni, naye hakuogopa tena. Jumapili Renae akapiga simu.

"Mama, nani anaongea hapo?"

"Mgeni wangu."

"Anasema nini?"

"Anauliza kama umeshafika."

Verlene, simu begani, akaanza kuondoa vyombo. Akaigeuza sahani ya mgeni, na utepe ulikuwa palepale: V. Amundsen. Akaigeuza yake. Jina halikuwepo. Kwenye utepe, kwa mwandiko wake mwenyewe, ilikuwa imeandikwa 32.

Alifungua mdomo amwite binti yake, na sauti haikutoka.

"Mama?" Renae alisema. "Mama, bado upo?"

Ng'ambo ya meza, kwa sauti ya Verlene, mtu akajibu.

"Nipo, mwanangu. Njoo unichukue."